Kibandiko cha Godefroid

Bénie alipolegeza kamba za mbao mbili za kubania mimea, harufu ilimpanda puani kama ya panya aliyeoza chini ya kitanda. Akafumba mdomo, akaendelea kufunua magazeti.

Kosa lilikuwa lake. Kwa miaka mitatu, katika chumba kile cha kuhifadhia mimea mikavu, alizoea kubana maua ya vilima vya shaba, membamba kama karatasi, yanayokauka kwa siku nne. Kaktasi nayo akaibana vivyo hivyo, bila kuipasua wala kuikomba utelezi wake. Sasa kipande cha kwanza kilikuwa uji wa kijani unaovutika kama kamasi, na ndani yake funza weupe wakijinyonganyonga.

Na vipande vilikuwa viwili tu. Mama Angélique wa Naviundu, aliyempa, alikuwa ameshang'oa shina lote ili ajenge ukuta.

Mwalimu wake, Godefroid, alisimama kando ya meza, leso puani, akaweka kibandiko cha jina la mmea, kilichokwisha kujazwa.

"Tupa ile buchafu, Bénie. Iko raquette tu, ile kaktasi inaota mu kila lupango ya nyumba. Jina nilishaka kuandika."

"Bila kuiona, Prof?"

"Kaktasi ya bapa njo kaktasi ya bapa."

"Ile ya kila lupango inapita muntu kwa urefu. Hii ilikaa kwa Mama Angélique myaka kumi, haikupita mu magoti."

"Ah, Mama Angélique njo botaniste sasa?"

Funza hawakumchefua Bénie kama kibandiko kile. Funza angalau walikuwa wamekigusa walichokila.

Akachukua kijiko, akakomba. Uji ukamchuruzika hadi kifundo cha mkono, wa vuguvugu. Chini ya magazeti mengine akakikuta kipande cha pili, kidogo, bapa kama ulimi wa mbuzi. Kilikuwa kigumu bado. Wiki tatu gizani kilikuwa kimetoa mizizi miwili myeupe, ikatoboa ukurasa wa matangazo ya vifo.

"Nitaipanda," alisema. "Ikitoa maua, tutapima, tutahesabu, njo tutaandika."

"Utangoya mwaka muzima?"

"Nitangoya."

Kwa vidole vinavyonuka, akalikata kwa kalamu jina lililokuwa kwenye kibandiko, juu yake akaandika: haijajulikana. Akakifunika kile kipande kwa udongo kwenye kopo la maziwa. Hapo ndipo alipotoka nje, akatapika.