Msizime Moto wa Chumba cha Kati

Akina mama wenzangu wa njia ya Idodi, hasa ninyi ambao wana wenu wameanza kurudi kutoka mjini na futi ya kupimia mfukoni, sikilizeni kabla hayajawafika. Mwanangu Marcelino si mtu mbaya. Ni fundi mwashi, amejenga nyumba za watu kule Mbeya miaka mingi, na ukuta wake haupindi. Lakini nusura amuue mwanawe wa kumzaa kwa ajili ya usafi. Nami nilimkubalia.

Nyumba yetu ni tembe, aliijenga baba mkwe wangu. Vyumba vitatu vimefuatana, kuta za miti na udongo, na juu boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito nyasi, halafu udongo ulioshindiliwa mpaka mbuzi wanapanda kuota jua. Kila chumba kilikuwa na mafiga yake. Moshi ulikuwa hauna pa kutokea ila mlangoni, basi unazunguka huko juu kwanza, unazipaka boriti masizi hadi zinang'aa kama chungu cha miaka. Macho yanawasha, sikatai. Nimelia machozi ya moshi tangu nilipoolewa.

Mwaka 1954 Marcelino alimleta Lea, binti wa Tukuyu, aje kutuona. Siku ya pili akaniita pembeni.

"Mama, nguo za mwenzangu zinanuka moshi. Tukirudi Mbeya watasema nimeoa samaki mkavu."

Tulicheka. Akang'oa mafiga ya chumba cha kati, akatoboa dirisha, akakwangua masizi, akapaka chokaa kuta na boriti zote. Chumba kikawa cheupe kama cha kuvalia padri. Majirani walikuja kukitazama, wengine mara mbili. Nilijivuna, sitaficha.

Sasa njooni mwaka huu wa 1956. Mwezi wa tisa Marcelino amerudi moja kwa moja, na Lea, na mjukuu wangu Philbert wa miezi saba. Wakalala chumba cha kati, kile kizuri. Wiki haijaisha, Jumbe Bartholomeo akapita na baiskeli yake, nyumba kwa nyumba.

"Tembe zote za kando ya barabara zibomolewe kabla ya mvua ya kwanza," alisema. "Bwana Afya amesema zinafuga papasi, wale kupe wa nyufani, na papasi wanaleta homa."

"Halafu tulale wapi, Jumbe?"

"Mjenge za matofali ya kuchoma, muezeke bati. Wewe Mama Marcelino una fundi ndani ya nyumba. Utakuwa mfano kwa wenzako."

"Mfano wa nini? Wa kulala nje?"

Alicheka, akapanda baiskeli. Mwanangu hakucheka. Alikuwa amefurahi kweli, maana nyumba mpya alikwisha kuichora kwenye karatasi ya saruji.

"Mama, nyumba hii imezeeka."

"Na mimi je?"

"Sikusema wewe, Mama."

"Basi tuseme nyumba. Yohane aliitwa mfano mwaka jana. Yuko wapi?"

Yohane jirani yetu alibomoa tembe yake mapema, na boriti za babu yake akazitia kwenye tanuri kuchomea matofali. Miti iliyokatwa kwa shoka, ikabebwa mabegani kutoka mlimani, ikaungua siku mbili. Haikutosha, akakata na miti ya bondeni. Mvua ikamkuta kuta ziko magotini. Mpaka leo mkewe analala ghalani na mahindi.

Na hilo bati nalijua. Lea alipojifungua nilikwenda Mbeya kumhudumia, nikalala chini ya bati na baridi ile ya huko. Alfajiri linatoka jasho, linadondoka juu ya blanketi la mtoto. Mvua ikipiga husikii hata mtoto akikohoa. Niliamka mara ngapi kumwekea sikio puani! Kwenye tembe nasikia mtoto akigeuka chumba cha tatu.

Marcelino hakutaka kusikia. "Boriti zimeoza, Mama. Nyumba ikishaoza juu haina dawa."

"Umezigonga?"

"Zinaonekana."

"Wewe ni fundi au mpita njia? Lete mchi."

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe, akina mama. Tulianza na chumba changu. Alipanda juu ya kinu, akagonga kwa mchi boriti moja moja. Ngo! Ngo! Mchi ulikuwa unamrudia mkononi. Akatoa kisu akakwangua masizi, mti ndani mwekundu, mgumu, kisu kinateleza. Tukaenda chumba cha tatu, kile cha marehemu mama mkwe. Ngo! Vilevile.

Tukaingia chumba cha kati. Lea alikuwa amekaa kitandani ananyonyesha.

"Msinichafulie chokaa yangu," alisema.

"Toka kidogo na mtoto," nikamwambia.

"Mama, ni kugonga tu."

"Toka, mwanangu. Nakuomba."

Alitoka ananung'unika. Marcelino akapiga boriti ya kwanza. Haikulia. Mchi ulizama ndani kama mwiko kwenye ugali, akauchomoa, na mchwa wakamwagika pamoja na vumbi juu ya mto alioulalia Philbert. Nje nyeupe safi, ndani hakuna mti. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu hakuigusa. Alitazama udongo ulioko juu, ambao mvua moja ya usiku ingeuongezea maji na uzito, akanitazama mimi. Lea mlangoni akapiga ukelele, akamkumbatia mtoto mpaka naye akalia.

Marcelino alishuka kwenye kinu akakaa chini, mchi mapajani.

"Ni mimi," alisema.

"Ni sisi. Wewe uling'oa mafiga, mimi nilikaa kimya nikifurahia chokaa. Bibi yako, Mungu amrehemu, kila Jumamosi alikuwa anawasha moto hata chumba kisicholaliwa na mtu. Nilikuwa nasema moyoni, mama huyu anamaliza kuni zangu kwa ukaidi. Kumbe alikuwa analisha boriti moshi. Mchwa hatafuni mti wenye masizi. Hakuniambia, nami sikuuliza."

"Basi si umeona mwenyewe, Mama? Tubomoe."

"Nimeona vyumba viwili vizima na kimoja kibovu, na hicho kimoja tumekiharibu wenyewe. Niteketeze kazi ya baba mkwe wangu ili kuficha kosa langu? Siwezi. Kesho tunashusha paa la kati, na la kati tu."

Usiku ule walilala kwangu wote watatu, na kulipokucha tukaanza. Udongo wa paa tuliushusha kwa karai na kuulundika nje, maana udongo ulioshindiliwa miaka yote hiyo hautupwi. Boriti mbovu tulizichoma uwanjani na mchwa wake. Tulipungukiwa boriti saba. Marcelino akataka kwenda kukata mpya.

"Za kibanda changu cha pombe hazikutoshi?" nikamuuliza.

Kile kibanda nilikuwa nimekiacha, lakini kilikula moshi wa mitungi yangu miaka ishirini. Alizigonga zote kabla sijamwambia. Saba zilitoka nzima. Kisha fundi wangu akaonyesha ufundi wake: akarudisha mafiga, akatoboa matundu mawili madogo juu kabisa, chini ya paa, ili moshi upite kwanza kwenye boriti ndipo utoke, usikae machoni pa mtoto. Hilo mimi nisingeliweza. Lea naye alimwaga maji ya moto kwenye kila ufa wa sakafu, akaisiriba upya, akazisiriba na kuta. Papasi hapendi mahali pasipo na ufa.

Siku ya tatu Jumbe alifika. Mimi niko juu ya paa napokea karai.

"Vizuri, Mama Marcelino! Umetii."

"Sijatii, Jumbe. Naezeka."

"Amri inasema kubomoa."

"Amri inasema papasi. Karibu ndani uwatafute. Ukimpata mmoja, nitaishusha yote kwa mikono yangu mbele yako."

Alitazama mlangoni, akatazama suruali yake nyeupe. Hakuingia.

"Wewe mama unabishana na serikali."

"Nauliza tu. Mama yako kule Madibira analala kwenye nyumba gani?"

"Usimwingize mama yangu."

"Nimeuliza anapolala. Kama ni tembe, mwambie asizime moto."

Watu walikuwa wamejaa uwanjani, Yohane na mkewe pia, na mke wa Yohane ndiye aliyecheka wa kwanza. Jumbe alitoa daftari.

"Nitaandika jina lako, lifike bomani."

"Andika. Evarista. Uliandike vizuri, wasije wakamwita mwingine."

Marcelino alikuwa chini, udongo umemfika viwikoni. Alipanda ngazi mpaka niliposimama.

"Andika na langu, Jumbe. Marcelino, fundi mwashi. Andika kwamba ninayeezeka ni mimi."

"Wewe? Si juzi tu ulikuwa upande wangu?"

"Juzi nilikuwa sijagonga boriti."

Nimekwisha kuitwa bomani mara moja. Nilisimama saa nyingi juani, nikasema haya haya niliyowaandikia, nikarudi na kumkuta Philbert amelala chumba cha kati chini ya boriti za kibanda changu. Alhamisi naitwa tena, na safari hii tunakwenda wawili. Naogopa, lakini nitakwenda. Wakitaka kuibomoa waje na majembe yao. Kwangu hawatapata mkono wa kuwasaidia.

Ninyi msiningojee mimi nirudi. Leo hii, kabla ya kuinjika ugali wa jioni, watoeni watoto kwenye kile chumba mlichokipendezesha, kisha chukueni mchi mkagonge.