Ukoko wa Alizeti

Daftari langu la majaribio lina mistari mia mbili na kumi. Mmoja tu ni wa uongo, na ndio unaoninyima raha.

Mwaka huu wa 1984 dizeli haionekani Babati. Mashine za kusaga zilisimama, kina mama wa Singe wakarudia mawe ya bibi zao. Mimi Melkiadi, fundi wa mashine ya kikundi cha kina mama, nikajiona mtaalamu. Nilijaribu kuendesha injini kwa mafuta ya alizeti, ikakubali. Aliyeyakamua ni Domitila, mjane wa rika la mama yangu. Aliyachemsha kutoa maji, akayachuja kwa kitambaa mara mbili.

Sharti lilikuwa moja. Kabla ya kuizima injini, uinyweshe dizeli dakika kumi, isafishe alizeti isigandie ndani. Kwa kazi hiyo tu tulikuwa na debe moja la dizeli. Sharti hilo nililiandika mwenyewe ukurasa wa kwanza, nikalipigia mstari.

Kisha akapita mtaalamu wa injini kutoka Arusha. Alisikiliza mlio, akanishika mkono kwa furaha.

"Inakwenda bila dizeli kabisa?"

"Kabisa, mzee," nikasema. Mdomo huu!

Akaahidi kurudi na wenzake baada ya wiki mbili. Sasa ilinibidi maneno yangu yawe kweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa niliacha kutia dizeli. Kila jioni nilizima bila kusafisha, nikaandika saa za kazi, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Siku ya tisa injini ikanoki, ikakwama kabisa katikati ya debe la mahindi la mtu. Nilipoifungua, nilikuta pistoni imeshika ukoko mweusi kama sufuria ya ugali iliyosahauliwa jikoni, na ringi zimeganda kabisa. Nilijua papo hapo ni kazi ya nani.

Hilaria, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa amesimama nyuma yangu na foleni nzima ya kina mama.

"Fundi, ni nini? Ni mafuta?"

Debe la dizeli lilikuwa pale pembeni, limejaa karibu na mdomo. Niliona aibu, na aibu ikanifanya mwoga.

"Huenda yalikuwa na maji, mama," nikasema.

Nikashika kalamu mbele yao, nikaandika: Chanzo, maji kwenye mafuta.

Kabla jua halijazama, ile "huenda" ilikuwa imedondoka njiani. Habari iliyofika kijiji jirani cha Bonga ni kwamba Domitila anaongeza maji ili mafuta yawe mengi. Watu wakaacha kununua kwake hata ya kupikia. Jumapili kanisani benchi lake lilikuwa wazi kushoto na kulia. Mimi nilikaa nyuma yake, nikaimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilijiambia nitasema injini ikishapona. Vipuri havikupatikana, nami sikusema.

Juzi asubuhi Domitila alikuja karakana. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge ya jiwe la kusagia. Alibeba chupa ya mafuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeyachemsha mara tatu sasa. Nikayamwaga kidogo motoni, hayakulia kama mafuta yenye maji. Yatazame na wewe."

Niliyatazama. Yalikuwa safi kama yalivyokuwa siku zote.

"Macho yangu yameanza kuchoka," akasema. "Lazima siku ile sikuona povu la maji. Nimewatesa wenzangu, nimekuharibia na kazi yako mbele ya wale wakubwa wa Arusha. Naomba unisamehe, Melkiadi."

Mzee mzima ameinamisha kichwa mbele yangu, na daftari liko mezani katikati yetu, ukurasa wa kwanza juu. Yeye hajui kusoma. Nilifungua mdomo. Mungu ananijua, nilikusudia kusema.

Nikamwambia nimemsamehe.