Nyumba Yako, Siku Yako Bado

Mama Taipu alirudi kutoka zahanati akamkuta fundi wa vitasa kapiga magoti mlangoni pake, kitasa cha zamani kiko sakafuni. Nyuma ya fundi alisimama mtoto wa marehemu mumewe, mwanamume mzima na kitambi chake, kashika bahasha kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama mdogo. Wosia wa baba umeshapita mahakamani, na hati ya nyumba imetoka jana kwa jina langu. Wewe tumekuandalia kile chumba cha uani, utapumzika vizuri tu."

Chumba cha uani! Kile cha kuwekea mkaa! Damu ilimchemka. Mtoto huyu alimpokea ana miaka sita, akamwogesha, akakesha naye alipougua surua. Leo ndiye anampangia pa kulala.

"Marahaba. Huo wosia umeusoma wote?"

"Nimeona jina langu."

"Basi fungua ukurasa wa pili."

Yeye hakuhitaji hata miwani. Miaka thelathini alipiga chapa nje ya mahakama, na wosia ule aliuchapa mwenyewe, mumewe akimsomea neno kwa neno. Akautamka kwa kichwa: nyumba ni ya mwanangu, ila mke wangu ataishi humo, vyumba vyote, maisha yake yote, mwanangu ataingia mke wangu akishafariki.

Jamaa alitoa wosia kwenye bahasha, akafunua, akasoma, akarudia kusoma. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

"Kwa hiyo nikae hapa nisubiri ufe?"

Loo! Neno lile lilimchoma. Machozi yalikuwa karibu, lakini mbele ya huyu, halii ng'o.

"Ndiyo, mwanangu. Subiri nife. Tena nimetoka kupima presha sasa hivi, daktari kanisifu."

"Mama mdogo, una miaka sabini na moja. Vyumba vinne vya nini?"

"Kimoja nalala, kimoja nakula. Viwili navitazama tu, kwa raha zangu."

Fundi alikohoa kuficha kicheko. "Sasa jamani, mimi nina kazi nyingine. Hiki kipya nafunga au sifungi? Na funguo nampa nani? Mwenye nyumba ni yupi hapa?"

"Mwenye nyumba ni huyo," alisema Mama Taipu, akanyoosha kiganja. "Wewe funga. Funguo zote lete huku."