Nane ya Mguu Mmoja

"Ving'arishe tu, Mikiyo. Usivinoe."

Kaka Shugo aliweka viatu vyake vya kutelezea barafuni juu ya meza yangu ya kazi, vimefungwa kwenye taulo la buluu lenye jina la duka la tofu, jibini la soya, la marehemu baba yake, akatoka kabla sijammiminia chai. Si kawaida yake. Mtu huyu amekunywa chai yangu miaka thelathini na sita, kila siku akilalamika kwamba ni chungu, na hajawahi kuacha hata tone kikombeni.

Jiji lilitaka kuviweka kwenye kabati la kioo katika ukumbi wa uwanja mpya wa barafu, watoto wa Nagoya wajue ni nani aliyewatangulia. Nilivitambua mara tu nilipofungua taulo. Vilikuwa viatu vyake vya miduara. Alivivaa mara ya mwisho Desemba ya mwaka 1987, siku aliyoshindwa.

Siku hizi hata wanaoteleza wenyewe hawajui habari hii. Zamani mchezaji alikuwa na jozi mbili. Jozi moja ilikuwa ya kurukia, nyingine ya kuchorea miduara juu ya barafu tupu, asubuhi, bila muziki, huku waamuzi wakisubiri amalize wapige magoti kukagua mstari alioacha. Chini ya kila chuma cha kiatu kuna mfereji mwembamba kati ya makali mawili. Wa kurukia huwa na kina, ili ung'ate barafu. Wa miduara huwa hauna kina, karibu bapa, ili mtu ateleze mbali kwa msukumo mmoja. Fundi akibadilisha jozi, sharti kwanza alichonge upya jiwe la kunolea, kwa kuwa umbo la jiwe ndilo linalochimba mfereji. Baba alinifundisha hilo kabla sijajua kusoma.

Shugo alianza akiwa na miaka minane. Alitumwa kupeleka tofu kwenye mgahawa wa uwanjani, akagoma kurudi nyumbani. Wavulana wa mtaani walipoona nguo zake za kumetameta wakamwita Bibi Harusi. Akawajibu, "Mkioa nitawachezea bure." Kufikia miaka kumi na tisa alikuwa bingwa wa Japani, na akautwaa ubingwa mara mbili zaidi. Alivunjika kifundo cha mguu wa kushoto, akakaa nje mwaka mzima, akarudi akitua kwa mguu uleule kana kwamba anautania. Nimeona wengi walioruka juu kuliko yeye. Sijaona aliyeteleza kimya namna ile. Ungefumba macho, usingejua kama kuna mtu uwanjani.

Kitu kimoja tu kilimpita, Michezo ya Majira ya Baridi, ile ya dunia nzima ya kila miaka minne. Mara ya kwanza alizidiwa na mtu mzima zaidi yake, mara ya pili alikuwa na plasta mguuni. Mwaka ule wa 1987 alikuwa na miaka ishirini na minane, umri ambao katika mchezo huu watu huanza kukuita mzee, na nafasi ya wanaume ilikuwa moja nchi nzima. Ingeamuliwa hapahapa Nagoya.

Mwaka huohuo, Oktoba, mapafu ya Baba yalimlaza kitandani, akanikabidhi jiwe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nusu ya wateja wakahamia kwa mafundi wa Osaka bila hata kuaga. Mwanamke na jiwe wapi na wapi? Wa kwanza kuingia dukani alikuwa Shugo. Akaweka viatu mezani, akasema, "Fundi mpya, ukiniua, niue polepole." Bingwa akishaleta viatu vyake, wengine hufuata. Walirudi mmoja mmoja, na Baba alikuwa akihesabu hodi zao akiwa kitandani chumba cha nyuma.

Alasiri ya mwisho kabla ya mashindano Shugo aliingia mbio na viatu vya miduara, kimoja mkononi, kingine kwapani.

"Nimekanyaga kibanio cha nywele! Tazama, chuma kimeng'oka kipande. Mwalimu Isogai amenitukana mpaka mababu."

Nilikuwa ndiyo kwanza namaliza viatu vya kurukia vya binti mmoja. Baba akakohoa kule nyuma, kikohozi kile cha kunyonga. Nikaenda kumpa maji, nikamkalisha, nikarudi, nikawasha mashine, nikavinoa viatu vya Shugo mpaka pengo likaisha. Kama ungeniuliza jioni ile, ningekula kiapo kwamba jiwe nilikuwa nimelichonga upya.

Asubuhi niliketi kwenye viti vya mbao pamoja na watu wasiozidi thelathini. Mchoro wa mwisho ulikuwa nane ya mguu mmoja, miduara miwili iliyogusana kama tarakimu nane. Mchezaji anasimama katikati, anajisukuma mara moja, anazunguka duara la kwanza, anabadili ukingo wa chuma, anazunguka la pili, na kurejea pale alipoanzia bila kugusa chini mguu mwingine. Shugo alikuwa akiifanya kama mtu anayevuka sebule yake.

Alijisukuma. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia, barafu ikikwaruzwa taratibu. Duara la kwanza alilimaliza. La pili likaanza kumla mwendo. Akainamisha bega, akanyoosha mguu ulioko hewani, akatafuta kila hila anayoijua, na mwisho akasimama kimya, akiwa amebakiza urefu wa mkono mmoja kufika katikati. Alibaki hivyo kidogo juu ya mguu mmoja, kama anayeomba, kisha akaushusha ule mwingine. Waamuzi wakapiga magoti kukagua.

Mwalimu Isogai, mwanamke mfupi aliyekuwa akitisha hata wazazi, alimngojea kwenye kizuizi. "Vyuma vina nini?"

"Vyuma viko sawa, mwalimu. Mwenye vyuma ndiye mbovu."

Nilikuwa hatua mbili nyuma yao. Nilimwonea huruma. Mungu anisamehe, nilimwonea huruma!

Akashika nafasi ya tano. Siku iliyofuata, akiwa na viatu vya kurukia, alifanya kila kitu walichosema mzee hawezi. Aliruka mara saba, akatua mara saba, na uwanja ukasimama kabla muziki haujaisha. Akapanda hadi ya pili. Nafasi ilikuwa moja. Waandishi wa habari walipomuuliza kilichotokea kwenye miduara, akasema, "Miguu imezeeka, nayo haikunipa taarifa." Wakacheka. Kesho yake akatangaza kustaafu.

Baba aliyaona yote kwenye televisheni. Akaniita. "Ulimnolea vizuri," akasema. "Miguu ndiyo iliyomsaliti. Duka limepata mwenyewe." Alifariki Aprili, na nilipouosha uso wake niliukuta umetulia. Shugo akawa mwalimu, na kila mwanafunzi wake alinijia mimi.

Basi mwezi uliopita, nikiwa na kitambaa na mafuta, nilipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma. Mazoea tu. Ukucha ukazama.

Nikachukua kipimo cha shaba cha Baba, nikakipachika. Mfereji wa kurukia, wa kina, umenyooka, kazi safi. Kazi yangu. Tangu siku ile hakuna jiwe lililogusa vile vyuma. Niliketi sakafuni kati ya vumbi la chuma, nikalia mpaka birika likaungua juu ya jiko la mafuta.

Nilimkuta kwenye benchi la uwanja, anakula tonge la wali.

"Kaka, ulijua?"

Akatazama taulo la buluu mikononi mwangu. Hakujisumbua kuuliza nini.

"Hatua ya kwanza tu, kwenye kupasha misuli."

"Na hukusema! Ungenitukana. Ungenipiga hata na kiatu chenyewe."

"Ningesema, Isogai angesikia. Akisikia Isogai, Osaka wamesikia. Mzee wako alikuwa anahesabu hodi, Mikiyo. Ulitaka nimhesabie mimi wanaoondoka?"

"Ilikuwa Michezo, kaka. Ilikuwa mara ya mwisho."

Akaacha kutafuna. "Usidhani sikuililia. Mwaka mzima. Nilikuwa nikija kwako, napitia kwanza mtoni nakulaani kidogo, ndipo naingia kunywa chai. Na chai yenyewe chungu."

Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangu haukuwa usufi, na aliubeba peke yake hadi nywele zikawa nyeupe, akiuita uzee wa miguu yake mbele ya kila mtu. Niliinama mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Inatosha, watu watadhani nakudai," akasema.

"Niruhusu nivinoe."

"Kwa ajili ya kabati la kioo?"

"Kwa ajili ya barafu."

Nililichonga jiwe mara tatu, nikapima mara tatu. Jumatatu asubuhi, barafu ikiwa bado haijaguswa, alivaa viatu vile huku akinung'unika kwamba miguu yake imenenepa. Akainamia barafu. Akaenda katikati, akapata mizani, mzee wa miaka sitini na minne ndani ya sweta la kufumwa, akajisukuma mara moja.

Sikusikia kitu. Duara la kwanza lilipita. Akabadili ukingo, bega likatikisika, akajishika. Kwenye duara la pili mwendo ulipungua, ukazidi kupungua, hadi ningeweza kutembea kando yake kwa mwendo wa mtoto. Nilishika kizuizi kwa mikono miwili. Alibakiza urefu wa mkono mmoja. Nikaziba mdomo. Yeye hakuinamisha bega wala kutafuta hila. Aliacha tu viatu vimpeleke.

Vikampeleka. Alisimama juu ya alama aliyoanzia, mguu mmoja ungali hewani, akanigeukia.

"Haya, mwamuzi."

Nikaingia na viatu vyangu vya mpira, nikapiga magoti, nikaufuata ule mstari kwa kidole kutoka katikati hadi katikati.