Siku Mama Guylain Alipomwandikisha Mkamwana Wake

Uchungu ulimshika Joviale asubuhi, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda anapanga karatasi zake. Ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa masomo ya uzamili, na alikuwa amekusudia kupanda chuoni mapema kabla foleni haijajaa. Mtoto alitarajiwa mwisho wa mwezi. Hakusubiri.

Aliyekuwa naye nyumbani ni mama mkwe wake, Eulalie, ambaye majirani wote hapo Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, walimwita Mama Guylain kwa jina la mwanawe. Alikuwa amekuja kutoka Nyangezi na gunia la maharage ili kumsaidia mkamwana wake wakati wa uzazi, kwa kuwa Guylain mwenyewe alikuwa Shabunda na timu ya chanjo, ndani ya msitu ambako simu hushika siku inapopenda yenyewe. Eulalie hakupiga kelele. Alimwita jirani yao Olive abaki na watoto wawili wakubwa, akamfunga Joviale kitenge, wakateremka hadi kituo cha uzazi, wakisimama kila uchungu ulipokuja. Kabla ya adhuhuri alizaliwa mtoto wa kike mwenye nywele nyingi na sauti kubwa.

Wote wakacheka. Kisha Joviale akageukia ukutani akaanza kulia.

Mkunga, Christine, akashtuka. "Unasikia mubaya wapi?"

"Haiko mwili," Joviale akajibu. "Leo saa tisa banafunga kuandikisha batu. Nimengoja myaka tano."

Eulalie aliijua hiyo miaka. Joviale alimaliza digrii yake ya kwanza mwaka ule ule alioolewa. Akazaa, akapata kazi ya kushika hesabu katika ghala la dawa, akazaa tena, na kila mwaka chuo kilipofungua milango alisema mwaka kesho. Eulalie hakuwahi kusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini katika wiki hizo alizokaa naye alikuwa amemtazama vizuri. Alimwona mchana akiwa mezani na vitabu vya ghala, anatafuna kalamu hesabu zinapokataa kukubaliana. Zilipokubaliana alipiga kofi moja, akainuka, akamenya ndizi huku anaimba.

"Dosie, zile karatasi zako, iko wapi?" Eulalie akauliza.

"Mama, hapana. Wewe utaanza vipi kupanda kule..."

"Nimeuliza dosie iko wapi."

"Ku kitanda. Ndani ya mufuko ya buluu."

Eulalie akarudi nyumbani, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akavaa kitenge chake cha misa, akatoka na ule mfuko kifuani. Mvua ilikuwa imeanza. Alipanda pikipiki kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamkumbatia dereva kwa nguvu hata yule kijana akamwomba amwachie apumue.

Chuoni foleni ilikuwa imetoka nje ya ukumbi na kuzunguka ua. Vijana wenye miwani, watawa wawili, baba mmoja aliyevaa suti iliyolowa mabegani. Eulalie akasimama nyuma yao kama mtu mwingine yeyote. Walipomuuliza kama anamshikia mtu nafasi alisema ndiyo. Mguu ulimuuma. Hakukaa.

Saa nane ilikuwa imepita alipofika dirishani. Karani aliyekuwa pale aliitwa Adalbert, mwanaume mwembamba mwenye sauti ya upole. Alifungua mfuko, akapekua: diploma, nakala zenye muhuri, picha, risiti ya benki. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dosie kama hiyo hakuwa ameiona siku hiyo nzima.

"Iko muzuri sana," akasema. "Sasa mwenyewe aje atie sahihi mbele yangu."

"Mwenyewe hawezi kuja. Amezaa."

"Amezaa siku gani, maman?"

"Leo. Bado hata hajala."

Watu waliokuwa nyuma wakaanza kucheka, kisha wakaacha, kwa kuwa Eulalie hakucheka. Adalbert akaweka kalamu chini. Alieleza kwamba si ubaya wake. Mwaka uliopita watu walikuwa wanawaandikishia wenzao bila wenyewe kujua, kwa hiyo uongozi ulitoa amri kwamba kila mtu atie sahihi mbele ya karani. Alisema kwa heshima, na Eulalie alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, papa. Mukisha kufunga leo, wewe unaendaka wapi?"

"Ku nyumba."

"Nyumba yako iko wapi?"

"Nyalukemba."

"Na yeye amelala pale pale Nyalukemba, ku kituo cha uzazi kando ya soko. Utapita mbele ya mulango. Utaingia, atatia sahihi mbele yako, utaenda kula."

Adalbert akainuka, akaenda mlango wa pili kumwita mkubwa wake. Aliyetoka ni Delphine, katibu wa kitivo, mama wa makamo ambaye miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi. Alimsikiliza Eulalie, akamsikiliza Adalbert, akaomba asomewe ile amri. Adalbert akaisoma.

"Inasema mbele ya karani," Delphine akasema. "Haisemi mbele ya dirisha. Chukua rejista uende nayo, Adalbert. Na usisahau kumusalimia mutoto."

Foleni nzima ikapiga makofi. Eulalie akainamisha kichwa kidogo tu. Alidhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Adalbert alikuwa ameanza kuingiza jina kwenye kompyuta akasimama. Kwenye fomu ya Joviale palikuwa na nafasi tupu: tawi la masomo. Mwombaji achague uhasibu, au achague usimamizi wa miradi. Bila hilo kompyuta haitoi namba, na bila namba hakuna la kupeleka kwenye kituo cha uzazi.

"Anataka nini, maman? Kontabilite ao miradi?"

Eulalie akatoa simu, akampigia Joviale. Ikaita mpaka ikakatika. Ndipo akakumbuka kwamba simu ile aliiona asubuhi juu ya kabati, kwenye chaji.

Alijua kwa nini nafasi ile ilikuwa tupu. Guylain alikuwa amemtumia mkewe vitabu vya usimamizi wa miradi na ujumbe mrefu: mashirika yanaajiri watu wa miradi, huko ndiko kwenye kazi. Hakuwa amemlazimisha. Lakini Joviale hakutaka kubishana na mume aliye mbali, tena porini, akaacha pale pabaki peupe. Vile vitabu alivisoma kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo.

"Maman, saa inapita," Adalbert akasema polepole.

Eulalie aliiona akilini sura ya mwanawe, mtoto wake wa kwanza, aliyemlea peke yake baada ya kufiwa na mume. Hakuwahi kumpinga mbele ya watu.

"Andika kontabilite."

Delphine alikuwa bado amesimama mlangoni. "Una hakika, maman? Kubadilisha kisha ni kazi."

"Mimi sijue kontabilite ni nini," Eulalie akajibu. "Lakini namujua. Akifanya ile kazi anaimbaka. Kwa ile ingine haimbake."

Adalbert akaandika.

Jioni ilipoingia, Adalbert alifika kituoni na rejista ndani ya koti, viatu vimejaa matope. Joviale alikuwa ameketi kitandani, mtoto ananyonya. Alichukua kalamu kwa mkono uliokuwa huru, akasoma mstari wake, akasimama kwenye neno moja. Eulalie, aliyekuwa anapooza uji dirishani, hakugeuka.

"Nani alichagua?" Joviale akauliza.

"Mimi. Kama nimekosea, yule maman wa miwani alisema inaweza kubadilishwa."

Joviale akatia sahihi. Kisha akamwambia Adalbert asante. Eulalie alipomletea uji, Joviale alimshika mkono wenye kijiko, akauweka shavuni pake.

Guylain alitoka Shabunda wiki chache baadaye, amekonda, ana furaha ya mtoto. Mtoto walimwita Gloire. Furaha ilipotulia akaona karatasi ya chuo.

"Mama, mulijua mimi nilisema nini juu ya hii."

"Nilijua. Ulisema kazi itapatikana. Labda ni kweli." Eulalie alikuwa anachambua maharage, hakuacha. "Mimi nilimuona muke wako kila siku, wewe ulikuwa mbali. Nilichagua kwa kile nilichoona. Kama una hasira, ikuwe kwangu, haiko kwake."

Guylain alikuwa na hasira, siku mbili tatu. Kisha, jioni moja, alimkuta Joviale mezani, akavuta kiti akaomba aelezwe ukurasa wa hesabu uliokuwa mbele yake. Hakuuelewa, lakini alibaki amekaa.

Masomo yalipoanza, Eulalie hakurudi Nyangezi. Shamba lake alimwachia shemeji yake msimu ule, akapanda chuoni kila siku ya darasa na Gloire mgongoni. Alikaa kwenye ukuta mfupi nje ya ukumbi. Mtoto akilia kwa njaa aligonga kioo kwa kidole, Joviale akatoka, akanyonyesha, akarudi. Wanafunzi wakampa jina, Maman Kontabilite, na Adalbert siku moja alimletea kiti cha ofisi chenye magurudumu, ambacho Eulalie alikaa juu yake kwa wasiwasi mkubwa. Mwaka ule haukuwa rahisi. Joviale alianguka somo la ukaguzi, akalia, akalirudia kwenye kikao cha pili cha mitihani akapita kwa shida. Kuna asubuhi alisema ataacha. Eulalie hakumhubiria. Alimfunga Gloire mgongoni, akasimama mlangoni akimngoja.

Alirudi Nyangezi mtoto alipoanza kutembea, na akashuka tena Bukavu mwaka uliofuata, siku Joviale alipotetea kazi yake ya uzamili mbele ya maprofesa. Ukumbi ulijaa. Eulalie aliketi safu ya pili, Gloire amesinzia mapajani, Guylain kando yake. Joviale alisimama mbele amevaa gauni la kijani, akaanza kusema kwa Kifaransa, mwanzoni haraka, kisha kwa utulivu. Profesa mmoja aliyekuwa anaandika akaweka kalamu chini akamtazama. Wa pili naye akaweka.

Guylain akamwinamia mama yake sikioni aanze kumtafsiria kile Kifaransa asichokielewa.

"Nyamaza," Eulalie akanong'ona, shingo ameinyoosha. "Namusikiliza."