Kisu cha Mgeni

Samaki mkunga, mrefu kama nyoka, alimng'ata Sriyani kidole gumba kabla hawajafika mlangoni. Sriyani akamrudisha samaki ndani ya ndoo kwa ngumi, akafunika ndoo kwa sinia, akaendelea na safari. Damu ilidondoka kwenye mawe ya kichochoro na hakuna aliyeigeukia, kwa sababu asubuhi ya mkesha wa Krismasi kila mwanamke wa mtaa wa Sanità mwenye nyumba yake hubeba samaki aliye hai na mwenye hasira. Fataki zililipuka kwenye pipa la takataka. Juu dirishani mtu alimtukana aliyezilipua, mama yake na marehemu wake wote.

Ndivyo Napoli inavyojiandaa kumpokea Mtoto Yesu, na Sriyani alikuwa ameizoea. Karibu miaka ishirini alikuwa akiogesha wazee wa watu katika mji ule. Nyumba yake ya chini, ambayo mlango wake ulifunguka moja kwa moja kichochoroni, aliipenda kuliko nyumba yoyote ya Negombo alikozaliwa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alikuwa na wageni wa damu yake: Iresha, mdogo wake wa pekee, na Prasanna, mume wa Iresha.

Walikuwa na siku tatu pale, na kwa siku zote hizo Sriyani alikuwa hapati usingizi. Iresha alivaa sweta la mikono mirefu hata mbele ya jiko. Akitaka kuongeza wali, alimtazama kwanza mumewe. Sriyani alimuuliza mara mbili kama kuna jambo, na mara zote mbili akajibiwa, "Ni baridi tu, dada." Ndege ya kurudi Sri Lanka ilikuwa siku ya nne baada ya Krismasi. Sriyani alikuwa hataki kumpandisha mdogo wake kwenye ndege ile bila kujua anamrudisha kwenye nini.

Prasanna mwenyewe alikuwa mtu wa kupendeza. Alikuja na chupa mbili za araki, akamwita Nihal, mume wa Sriyani, "kaka mkubwa," akawachekesha wauza mboga wasioelewa hata neno lake moja. Pasipoti zote mbili alizitunza kwenye mkoba wa kiunoni, na mkoba ule alilala nao.

"Umeng'atwa, shemeji?" alisema Prasanna, Sriyani alipoingia na ndoo. "Huyo samaki anajua kuchagua nyama nzuri."

"Kaa mbali naye. Hapa wanaume hawamgusi."

"Mbona? Anaona haya?"

Nihal, aliyekuwa mezani akimenya vitunguu saumu, akacheka kidogo. Nihal alikuwa mtu wa kucheka kidogo na kusema kidogo zaidi. Kwenye ndoa yao maneno yote yalikuwa ya Sriyani.

Sheria ya kichochoro kile ilijulikana. Mkunga wa mkesha anauawa nyumbani na mwanamke, na nyumba ikiwa na mgeni wa kike, mgeni ndiye anayepewa kisu. Donna Assuntina, jirani wa mlango wa pili, alisimamia jambo hilo kama vile ameagizwa na Papa wa Roma. Mwanamke na nyoka wana ugomvi wao tangu bustani ile ya Edeni, alikuwa akisema, basi wamalizane wenyewe. Alifika na aproni, kisu chake kirefu, na nyundo ya mbao.

"Mgeni yuko wapi? Huyu?" Akamzunguka Iresha. "Mama yangu! Kwenu mnamlisha nini, upepo?"

Sriyani akatafsiri. Iresha akatabasamu, akamtazama mumewe.

"Mwambie bibi huyu mke wangu hata kuku humwomba radhi kabla ya kumchinja," alisema Prasanna. "Nipeni mimi, nimalize mara moja."

"Anasema nini huyu mtanashati?"

"Anataka kuua yeye."

"Mwambie akae chini. Akimgusa, samaki anachacha."

Sriyani alimviringisha mkunga kwenye gazeti, akamwaga chumvi ili asiteleze, akambana juu ya ubao. Samaki alijipinda, akagonga ubao kwa mkia kama mtu anayebisha hodi. Wanawake wawili watatu wa kichochoroni walikuwa wameshajaa mlangoni.

"Nyundo kwanza, kichwani," alisema Sriyani. "Kisha kisu. Piga kwa nguvu, mdogo wangu."

Iresha akaishika nyundo kwa mkono wa kulia. Akaiinua mpaka kifuani, ikagoma hapo. Akaihamishia mkono wa kushoto, akapiga. Nyundo ikatua kwenye ubao, na mkunga akachomoka.

Akaanguka sakafuni kwa kishindo, akapita chini ya meza, akaangusha sahani za kachumbari ya koliflawa, akatoka nje kati ya miguu ya wanawake waliokuwa wakipiga kelele na kucheka. Donna Assuntina akamfuata na kisu. Kichochoroni akamkanyaga shingo kwa kisigino cha slipa, akainama na kumkata kichwa kwa mkono mmoja. Mwili uliendelea kujikunja kwenye mawe. Wanawake wakashangilia. Mtu akalipua fataki kwa furaha.

Ndani, hakuna aliyecheka. Prasanna aliinuka kitini na, bila haraka, akampiga Iresha bega la kulia kwa nyuma ya mkono, kama mtu anayefukuza nzi.

"Unanifanya nichekwe mbele ya watu?"

Iresha hakulia. Alifumba macho tu na kushika ukingo wa meza, akangoja maumivu yapite, kama mtu anayeyajua yanachukua muda gani. Hapo ndipo Sriyani alipojua. Akamfikia, akamvuta kola ya sweta kabla hajamzuia. Bega lilikuwa limeota nundu mahali pasipo na nundu, mfupa ulioungana wenyewe vibaya. Kuzunguka nundu ile kulikuwa na alama za manjano, za kijani, na nyingine nyeusi ambazo hazikuwa na siku nyingi.

"Nani?"

"Nilianguka, dada. Kwenye ngazi."

"Nyumba yenu haina ngazi."

"Shemeji," alisema Prasanna, "hayo ni mambo ya chumbani kwetu."

"Chumba hiki ni changu."

"Sriyani," Nihal alisema polepole, kisu cha vitunguu bado mkononi. "Ni Krismasi. Tule kwanza. Tutazungumza baadaye."

"Kula wewe." Alikuwa hajamwangalia hata mumewe. "Iresha harudi na huyu. Anabaki hapa."

Prasanna akacheka. Akaugonga mkoba wake kwa kiganja. "Atabaki kwa karatasi gani? Iresha! Kusanya nguo. Tunahamia hotelini."

Iresha hakusogea haraka vya kutosha. Prasanna akamkamata nywele kwa nyuma, akazizungusha kwenye ngumi, akamvuta kuelekea chumbani. Sriyani akaokota nyundo ya mbao sakafuni na kuishusha kwenye kifundo cha mkono ule kwa nguvu zake zote. Kitu kilisikika kikivunjika ndani ya nyama.

Prasanna akaachia nywele. Kwa mkono mzima akampiga Sriyani ngumi ya mdomo. Sriyani akahisi jino likihama, akahisi ukuta mgongoni, kisha teke la tumbo lililomkalisha chini. Prasanna akaja tena. Sriyani akamkamata mguu, akamng'ata juu ya kisigino na hakuachia, mpaka mdomo ukajaa damu ambayo hakujua ni ya nani. Prasanna akapiga kelele, akayumba, akashika jiko ili asianguke, na karai la mafuta ya kukaangia samaki wa chumvi likapinduka. Mafuta yakamiminika kwenye moto. Ndimi zikaruka mpaka kwenye pazia.

"Usimpige, dada!" Iresha alikuwa analia sasa. "Usimpige! Hasira atanimalizia mimi baadaye!"

Nihal alizima gesi. Akalivuta pazia, akalitupa sakafuni, akalifunika kwa blanketi. Hakumgusa Prasanna. Sriyani aliliona hilo, akiwa amekaa na mdomo wazi akitema damu kwenye aproni, na akajiambia kwamba siku hiyo ikiisha atakuwa na maneno na mwanaume huyu.

Prasanna akajikokota kuelekea mlangoni. Mlangoni alikaa Donna Assuntina. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya kizingiti, kisu chenye damu ya mkunga juu ya mapaja, ametulia kama mtu anayengoja basi. Nyuma yake kichochoro kizima kilikuwa kimesimama.

"Mwambie huyu mtanashati askari wanakuja," alisema. "Mwambie pia nina miaka sabini na mmoja, kwa umri huu hata nikimchoma hakuna atakayenifunga."

Askari walikuja wawili. Mkubwa wao alikuwa na mafua na hamu ya kwenda nyumbani. Akatazama ukuta mweusi, akatazama mdomo wa Sriyani.

"Amekupiga huyu?"

"Huyu."

"Na mkono wake?"

"Nimemvunja mimi. Kwa nyundo ya samaki."

Askari akapenga kamasi. "Signora, huu ni ugomvi wa nne wa Krismasi tangu asubuhi. Wewe umempiga, yeye amekupiga, nikiandika hivyo wote mnalala nyumbani kwenu." Akamgeukia Iresha. "Lakini huyu ni jambo jingine. Muulize. Mumewe humpiga? Ni leo tu, au ni mazoea? Akisema ndiyo, huyu bwana anatoka na sisi sasa hivi. Akisema hapana, mimi sina la kufanya."

Sriyani akamuuliza kwa lugha yao, neno kwa neno, bila kupunguza.

Iresha akamtazama Prasanna. Prasanna, amekaa kwenye kochi na kifundo kilichovimba, akamtikisia kichwa taratibu.

"Niliteleza, dada," alisema Iresha. "Nakuomba. Mwambie niliteleza."

Sriyani akamgeukia askari.

"Anasema ndiyo," alisema kwa Kiitaliano. "Tangu wiki ya harusi. Anasema bega alilivunja kwa kulibana na mlango, na hospitali hakumpeleka."

Hakujua kama ulikuwa mlango. Alijua nundu tu.

Askari akamkodolea. "Yeye kasema maneno mawili. Wewe umenipa hotuba." Akazungusha macho chumbani mpaka yakamfikia Nihal. "Wewe, unaielewa lugha yao? Ndivyo alivyosema?"

Sriyani hakuthubutu kumtazama mumewe. Kama angeulizwa asubuhi ile angeweza kuapa Nihal atajibu nini: angekohoa, angesema hakusikia vizuri, angesema tule kwanza.

Nihal akaweka chini kisu cha vitunguu.

"Ndivyo," alisema. "Na hajamaliza. Amesema pia pasipoti yake iko kwenye mkoba wa huyo bwana, kiunoni, na anaiomba."

Askari akanyoosha mkono. Prasanna hakuelewa mpaka zipu ilipofunguliwa. Alipoelewa alijirusha, akampiga askari mdogo kichwa cha pua, na baada ya hapo hakukuwa na haja ya tafsiri. Wakamlaza kifudifudi kwenye vipande vya sahani na kachumbari, goti mgongoni. Alipofungwa pingu juu ya kifundo kilichovunjika alilia kama ng'ombe. Askari mkubwa akamwachia Sriyani pasipoti ya Iresha, na Donna Assuntina akasogeza kiti ili wapite.

"Mama yenu anakaa nyuma ya nyumba yangu!" Prasanna alipiga kelele kutoka kichochoroni. "Iresha! Ndugu zangu wako pale! Mama yenu!"

Mlango wa gari ukafungwa.

Iresha akamfuata Sriyani na kumzaba kofi kwa mkono wa kushoto, upande ule ule wa jino. Akamzaba la pili.

"Umemwambia nini? Nilikwambia useme nini?"

"Ulisema uliteleza."

"Na wewe?"

"Nimesema uongo."

"Umemuua mama!"

"Mama hauawi na mtu." Alikuwa Nihal, simu sikioni, amegeukia ukuta. "Kaka yangu yuko njiani na pikipiki ya magurudumu matatu. Saa hii anampeleka kwetu. Krismasi atakula kwa kaka, na mwaka mpya vilevile." Akarudi kwenye simu kumhimiza kaka yake aendeshe haraka.

Iresha akakaa sakafuni kwenye mafuta na vipande vya sahani. Sriyani akakaa pembeni yake. Akatia kidole mdomoni, akazungusha, na jino likatoka. Akaliweka mfukoni mwa aproni.

"Pasipoti hii hapa," alisema. "Shika. Ukitaka kurudi kwake, tiketi unayo na sitakufunga kamba. Lakini kwanza tunakwenda hospitali. Daktari atakuuliza bega lilivunjikaje, na hapo utajibu wewe."

Iresha aliipekua pasipoti mpaka ukurasa wa picha.

"Haukuwa mlango," alisema. "Alisimama juu yake. Kwa viatu."

Sriyani alitaka kumkumbatia lakini hakujua amshike wapi pasipouma. Akasimama, akachukua makoti mawili kwenye msumari.

"Nitamwambia daktari hivyo hivyo."

"Wewe hutamwambia chochote," alisema Iresha. "Wala shemeji. Nyie wote waongo." Akajiinua kwa kushika mguu wa meza. "Linasemwaje kwa lugha ya hawa?"

"Nini?"

"Kwamba alinivunja yeye."

Sriyani akamwambia. Iresha akalirudia vibaya. Akamwambia tena, naye akalirudia tena, sauti ikimfia mwishoni.

"Siyo hivyo!" alifoka Donna Assuntina kutoka kwenye kiti chake. "Kwa nguvu, msichana! Kama unamtukana muuza samaki kwa bei yake!"

Iresha hakuelewa neno, lakini alielewa. Akatoka mlangoni, akashika njia ya kuteremkia hospitali katikati ya moshi wa fataki, dada yake nyuma akimfungia koti mabegani, akalisema kwa nguvu.