Paja la Baba Recho

Mimi nikiumwa huwa mkali, na nisipoumwa huwa mkali vilevile, kwa hiyo manesi wa hospitali ya Kabanga walinizoea upesi. Naitwa Maximilla, fundi cherehani wa soko la Kibondo. Kushona nilijifunzia Mtabila, kambi ya wakimbizi ilipokuwa bado kambi, na tangu hapo riziki yangu inatokana na kukaa. Mwalimu hufundisha amesimama, mkulima hulima ameinama. Fundi asipokaa hashoni. Sasa saratani nayo, katika mwili wote huu, ikachagua pale pa kukalia.

Nilipigwa mionzi Mwanza, kisha nikapangiwa upasuaji Kabanga. Daktari Haidari, mtu wa Tanga mwenye Kiswahili laini mpaka kinateleza, alivuta kiti akanieleza. Uvimbe ungetolewa pamoja na njia yote ya haja kubwa. Choo kingepitia tumboni, kwenye mfuko, maisha yangu yote. Kwa hilo nililia, nikamaliza. Mfuko naweza kuushonea kava.

"Shida ni shimo litakalobaki," akasema. "Ngozi iliyopigwa mionzi ukiivuta ukaishona, inafumuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo tutaweka kiraka cha nyama. Tunataka nyama nzuri ya paja, ambayo haikupigwa mionzi."

"Na bila hicho kiraka?"

"Kidonda kinaweza kubaki wazi miezi na miezi. Kukaa itakuwa taabu."

"Kikishika je?"

"Utakaa, mama. Polepole, lakini utakaa."

Akaitwa wodi nyingine, akaondoka. Nikabaki na neno moja kichwani: kiraka. Viraka mimi navijua. Kiraka hukikati kwenye nguo iliyochakaa, unakikata kwenye kitambaa kingine, kizima. Na daktari kasema wazi, paja ambalo halikupigwa mionzi. Mimi nimepigwa mionzi. Basi ni paja la mtu mwingine. Kama wanavyoomba damu kwa ndugu, nikajua wanaomba na paja.

Nikampigia simu mume wangu Leonidasi, aliyebaki Kibondo na mihogo yake. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi na maneno machache, wakamrithisha hayohayo. "Baba Recho," nikamwambia, "wanataka nyama ya paja la mtu mwenye afya." Akasema, "Nimesikia," akakata. Nikamgombeza simu ikiwa imeshakatika.

Kesho yake huyo hapo wodini. Amevaa suruali yake ya kanisani, ile iliyochanika gotini tangu nianze kuumwa. Mafundi wamejaa sokoni, lakini kila ukimwambia aipeleke anakujibu, "Fundi wangu anaumwa." Padri mwenyewe alishachoka kuliangalia lile goti.

"Umekuja kufanya nini?" nikamuuliza.

Akatazama mlangoni, akaipandisha suruali upande mmoja mpaka juu. Paja limenyolewa. Limesuguliwa kwa sabuni mpaka linang'aa.

"Sijala tangu jana," akasema. "Nasikia anayepasuliwa hali. Wachukue la kushoto. La kulia nalihitaji kwenye baiskeli."

Nilimpenda mtu huyu saa ile kuliko siku ya harusi, na kwa sababu hiyohiyo nikamfokea. Alime vile vilima kwa paja moja? Ateremshe suruali mara moja. Kukaa nakutaka, Mungu anajua ninavyokutaka, lakini si kwa kumkata Leonidasi. Nikamwambia nesi Verediana aniitie daktari.

"Daktari, nifute kwenye upasuaji," nikasema. "Mume wangu hakatwi."

Daktari Haidari akanitazama mimi, akalitazama lile paja. "Nani kasema akatwe?"

"Si wewe, na kiraka chako."

Verediana akageukia ukutani, mabega yanamtetemeka. Daktari akavuta kile kiti tena, safari hii akaanza mwanzo. Paja ni langu mwenyewe. Mionzi ilipiga nyonga, haikushuka hadi kule. Wanachukua msuli mmoja wa upande wa ndani, hawautenganishi na mshipa wake wa damu, wanaugeuza na kuupitisha chini ya ngozi mpaka uingie kwenye lile shimo na kulijaza. Damu inaendelea kuupitia, ndiyo maana unashika. Misuli inayobaki inatosha kutembelea.

"Nyama ya mtu mwingine mwili wako ungeikataa," akasema. "Kuuliza si ujinga, mama."

"Na kueleza si dhambi, daktari. Tena hicho si kiraka. Kitambaa kikigeuzwa hapohapo bila kukatwa, huo ni upindo."

"Haya. Upindo."

Leonidasi akateremsha suruali taratibu. "Kwa hiyo naweza kula?"

Walinipasua. Niliamka nina mfuko tumboni, mshono pajani na amri ya kutokalia kitu chochote. Nikalala ubavu huu, nikageuzwa ubavu ule, nikawagombeza wote. Kona moja ya mshono ilifunguka kidogo, nikalia nikijua basi tena. Verediana akaisafisha kila siku, nayo ikajifunga. Kila daktari alipopita aliuliza, "Upindo unaendeleaje?"

Nilirudi Kibondo kwa kulala kiti cha nyuma cha gari. Ruhusa ya kukaa ilipokuja, ilikuwa ya muda mfupi mfupi, juu ya mto. Leonidasi akaitoa cherehani barazani, akauweka mto, akasogea pembeni. Niliogopa. Nasema wazi, mimi na mdomo wangu huu, niliogopa. Nikashika meza, nikajishusha kidogokidogo. Pakavuta. Nikangoja pafumuke. Hapakufumuka.

Nilipoinua macho Leonidasi alikuwa amejifunga kanga yangu kiunoni, suruali ya kanisani ipo mkononi.

"Fundi amepona?" akauliza.

"Lete hapa."

Nikafumua upindo wa chini, mrefu, uliokunjwa tangu suruali ilipokuwa mpya, nikapata kitambaa cha kutosha goti.

"Hicho sasa ni kiraka au upindo?"

"Nyamaza, nashona," nikamwambia, na machozi yananidondokea kwenye sindano. Ile suruali niliimaliza nikiwa nimekaa.